Bujumbura kwa miguu: mji uliozaliwa kambini, ukalelewa na majirani

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Juma hili, ndugu msomaji, ukurasa huu unakualika wewe na jamaa zako katika matembezi ya siku moja ndani ya mji wa Bujumbura, kwa majirani zetu wa Burundi. Huhitaji vitu vingi: viatu vilivyozoea mguu, kofia au mtandio wa kujikinga na jua, maji ya kunywa kwa kila mtoto, na moyo wa kutaka kujua. Uongozi wa njia tuachie sisi.

Kabla ya kuondoka, tupatane juu ya jambo moja. Mtoto aendaye matembezini hakosi kuuliza, na katika mji huu swali lake la kwanza ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: wenyeji wa hapa ni kina nani? Atauliza hivyo kwa sababu atasikia Kirundi sokoni, Kifaransa maofisini na Kiswahili barazani. Ataona kanisa kuu na misikiti, maduka ya Wahindi na ya Waarabu, na ng'ambo ya maji ataonyeshwa milima ya Kongo. Usimjibu kwa haraka. Mwambie asubiri mpaka jioni, kwa kuwa kila mahali tutakapopita patatupa kipande cha jibu.

KILIMANI VUGIZO

Tuanze asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, juu ya kilima cha Vugizo. Hapa mji wote umelala chini yako. Upande wa magharibi ni Ziwa Tanganyika, ambalo kwa kina ni la pili duniani. Upande wa kaskazini uwanda wa mto Rusizi umenyooka kama mkeka uliotandikwa. Nyuma yako milima ya Burundi inapanda kwa ghafula. Katikati ya vitu hivyo vitatu umebanwa mji ambao katika hesabu ya watu ya mwaka 2008 ulikutwa na wakazi 497,166, na ambao tangu siku hiyo haukuacha kukua.

Lakini hatukupanda huku kwa ajili ya kutazama tu. Katika kilima hiki ndipo alipozikwa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru wa Burundi. Alizaliwa mwaka 1932, mtoto wa Mfalme Mwambutsa wa Nne. Angeweza kuishi maisha ya raha, akala na kulala kwa heshima ya baba yake. Yeye alichagua njia nyingine. Mwaka 1957 alianzisha chama cha ushirika cha wafanya biashara, na miongoni mwa waliomwunga mkono tangu mwanzo walikuwa Waswahili wa mjini, watu wa maduka madogo na biashara za ziwani. Alikuwa rafiki wa Mwalimu Julius Nyerere. Chama chake cha UPRONA kilipigania uhuru bila ya kubagua Mhutu, Mtutsi wala Mswahili, na kwa sababu hiyo wakoloni wa Kibelgiji hawakumpenda. Wakati wa uchaguzi wa mitaa wa mwaka 1960 walimfungia nyumbani.

Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64 vya Bunge, na Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Hakumaliza hata mwezi mmoja katika kazi hiyo. Jioni ya tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli ya Tanganyika, naye alikuwa na umri wa miaka 29. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Waliomtuma walikuwa wanasiasa wa chama pinzani. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa imekwisha kumzika mtu aliyeupigania kuliko wengine.

Kwa hiyo kipande cha kwanza cha jibu kinatoka kaburini. Mwana wa mfalme, ambaye kama ni uenyeji hakuna aliyemzidi, alitafuta marafiki zake miongoni mwa wale walioitwa wageni.

MJI ULIZALIWA KAMBINI

Ukiwa bado Vugizo, wageuzie watoto nyuso zao upande wa ziwa, kisha uwasimulie habari ya zamani.

Nchi hii ya ncha ya kaskazini ya ziwa iliitwa Uzige. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara kutoka pwani, wakipitia Tabora na Ujiji, ilifika huku kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mkubwa wao katika ziwa hili alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Alijaribu kuitia Burundi mkononi mwake, lakini majeshi ya Mfalme Mwezi Gisabo yalimzuia. Yafaa tuliseme hili bila ya kulificha: Kiswahili kilipofika ufukweni mara ya kwanza, kilifika pamoja na biashara ya haki na biashara ya dhuluma katika jahazi moja.

Baadaye walikuja Wajerumani. Mwaka 1897 waliweka kituo cha jeshi karibu na maji, nacho ndicho kiini cha mji huu wote. Ndugu askari, utambue ya kuwa mji unaoutazama haukuanza kama soko wala kama jumba la mfalme. Ulianza kama kambi. Maofisa walikuwa Wajerumani, lakini waliosimama lindo, waliobeba mizigo, waliopika na waliojenga walikuwa Waafrika kutoka pande nyingi, nao kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, amri, malipo na mazungumzo ya jioni yalikwenda kwa Kiswahili.

Hata jina la mji linaonyesha jambo hilo. Wenyeji wenyewe walisema Bujumbura. Watu wa misafara, kwa desturi ya Kiswahili ya kuanza majina ya nchi kwa herufi U, walisema Usumbura, kama walivyosema Urundi na Uganda. Wajerumani wakaandika walivyosikia kwa hao. Jina hilo lilikaa katika ramani hadi uhuru wa mwaka 1962, ndipo Usumbura ikarudi kuwa Bujumbura na Urundi ikarudi kuwa Burundi.

Kutoka katika kambi hiyo yalitendeka mambo mengi, makubwa na madogo. Mwezi Agosti 1902 mkuu wa kituo, Kapteni Robert von Beringe, alitoka hapa kwenda Rwanda, na mwezi Oktoba katika mlima Sabinyo akapiga risasi wanyama wakubwa ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajawajua. Hao ndio sokwe wakubwa wa milimani, na mpaka leo katika vitabu vya sayansi wanaitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata huyo von Beringe alimshambulia Mwezi Gisabo, na tarehe 6 Juni 1903 huko Kiganda mfalme mzee akalazimika kuikubali serikali ya Wajerumani. Mwaka 1912 Wajerumani waliweka makao mapya ya utawala huko Gitega, katikati ya nchi. Mwezi Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji, nao wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi.

Gurudumu hilo limezunguka tena karibuni. Mwezi Januari 2019 Gitega ilithibitishwa kuwa mji mkuu wa siasa, na Bujumbura ukabakia mji mkuu wa biashara. Hivyo mtoto akikuuliza mji mkuu wa Burundi ni upi, mpe majina yote mawili na sababu zake.

KATIKATI YA MJI

Sasa tushuke. Njia inatuleta polepole katika mtaa wa Rohero, penye barabara pana zenye miti, Uwanja wa Uhuru, kanisa kuu la Regina Mundi, benki na maofisi. Barabara kuu ya maduka ina jina la yule tuliyemwacha kilimani, Louis Rwagasore.

Uzuri wa mtaa huu usikusahaulishe jinsi ulivyopangwa. Wabelgiji waligawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Rohero na katika vilima vyenye upepo. Waasia waliwekwa katika mtaa wao wa biashara, ambao mpaka leo unaitwa Mtaa wa Waasia, upande wa kuelekea bandarini. Hapo waliishi Wahindi na Waarabu wa Omani, wakiwa na maduka mbele na makao nyuma au orofani. Waafrika walipelekwa mbali zaidi, katika mitaa ya nyumba ndogo zilizobanana. Mtu aliyeijua ngozi yako aliweza kukisia anwani yako.

Katikati ya mji pana mahali ambapo kila mkazi mwenye umri wa kutosha atapasimulia kwa sauti ya chini. Hapo palikuwa na Soko Kuu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko hilo liliwaka moto, na kabla ya jua kutua lilikuwa majivu na vyuma vilivyopinda. Maelfu ya wafanya biashara walipoteza mali yote, na wengi wao walikuwa akina mama waliokuwa wakiwasomesha watoto kwa faida ya vitenge, mchele na mafuta ya mawese. Tunalitaja jambo hili katika ukurasa wa nyumbani kwa makusudi. Soko kama lile lilikuwa mahali pa kuuzia, na vilevile lilikuwa ghala, kibubu na baraza la familia nzima. Mama aliyeweka bidhaa na akiba yake yote mahali pamoja alirudi nyumbani mikono mitupu. Wauzaji walitawanyika katika masoko mengine ya mji, na Bujumbura ukajifunza kwa machungu kuwa mayai yote hayawekwi katika kapu moja.

BUYENZI, BARAZA LA KISWAHILI

Kutoka Mtaa wa Waasia hatua si nyingi kufika Buyenzi. Utajua kuwa umefika kwa masikio kabla ya macho. Watoto wanaamkiana kwa Kiswahili. Wanawake wanabishana bei kwa Kiswahili. Kutoka misikitini adhana inapanda. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, nayo haina majina bali nambari, na mtu akikuelekeza kwake atakutajia avenyu ya ngapi. Kando ya njia mafundi magari wamelala chini ya injini, na maduka ya vipuri yamefuatana. Katika soko la Ruvumera vitambaa vinaning'inia vya kila rangi. Hapa, ndugu msomaji, salamu yako ya Kiswahili ndiyo hati yako ya kusafiria. Mwenye kuwaamkia wazee barazani kwa adabu, akaketi anapokaribishwa, atasimuliwa mengi.

Watu wa Buyenzi ni kina nani? Babu zao wengine walitoka Manyema, wengine Ujiji, wengine pwani, wengine ni Warundi wa milimani walioshuka mjini wakaingia katika Uislamu. Miongoni mwao walikuwamo wafanya biashara, mabaharia wa ziwani, wapagazi, na askari waliomaliza utumishi wao wakaamua kutorudi walikotoka. Waliowaana wao kwa wao, na wajukuu wao hawakuwa na nchi nyingine ila hii.

Hata hivyo kwa miaka mingi walitazamwa kama watu wa kupita. Vitabu vya wakoloni viliwahesabu mbali na wenyeji. Baada ya uhuru shaka haikuisha yote, na hata neno Mswahili katika mazungumzo ya kawaida lilitumika kwa maana ya mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeshikika. Kumbuka sasa lile kaburi la Vugizo. Mtu aliyeileta Burundi katika uhuru alikuwa na wafuasi wake waaminifu katika vibaraza hivi hivi.

Mambo yamebadilika kadiri siku zilivyokwenda. Tarehe 1 Julai 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na lugha iliyodharauliwa kuwa ya vichochoroni ikawa lugha ya kutafutia kazi na biashara hadi Kigoma, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kiswahili kiliingia katika madarasa ya shule. Mzazi ambaye zamani alimkanya mwanawe asizungumze kama watu wa Buyenzi, leo anamtafutia mwalimu.

Kipande cha pili cha jibu ni hiki: ukaaji mwema huzaa uenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

BWIZA, NA MWAKA WA UCHUNGU

Jirani na Buyenzi ni Bwiza. Zamani mtaa huu uliitwa Belge, kwa sababu wakazi wake wengi walitoka Kongo ya Wabelgiji. Ni mtaa wa muziki na wa nyama choma, na ukipita jioni utaisikia rumba ya Kikongo ikitoka katika kila mlango wa pili.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Tungeweza kupita tukicheka, lakini mwongozi mwema haruki kaburi.

Burundi ilikwisha kupata majeraha makubwa, hasa mwaka 1972, Wahutu wengi mno walipouawa. Kisha, tarehe 1 Juni 1993, Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa Rais, Mhutu wa kwanza kushika kiti hicho kwa kura. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo aliuawa na askari wa jeshi la nchi yake mwenyewe. Nchi ikaangukia katika vita vya miaka kumi na zaidi, ambavyo yakadiriwa kuwa viliua watu wapatao 300,000.

Mjini Bujumbura ubaya huo ulikuwa na umbo lake. Watu wa mtaa mmoja waliwafukuza majirani wa kabila jingine, na waliofukuzwa wakafanya vivyo hivyo walikokimbilia. Musaga, Nyakabiga, Ngagara na Cibitoke ikawa mitaa ya Watutsi. Kamenge na Kinama ikawa ya Wahutu. Vijana wenye silaha walitangaza siku za mji mfu, ambapo aliyetoka kwenda kazini alihatarisha maisha yake. Buyenzi na Bwiza ilikuwa mitaa ya mwisho ambamo watu bado walikaa wamechanganyika, na mwezi Machi 1995 moto ulifika huko pia. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakashika njia ya Uvira. Mwezi Juni zamu ilikuwa ya Kamenge, mtaa ukabaki tupu.

Wakoloni walikuwa wameugawa mji kwa rangi. Sasa wana wa nchi waliugawa kwa kabila. Ramani ilikuwa mpya, lakini kalamu ilikuwa ile ile.

Ndugu askari na polisi, tunakuomba uyasome maneno haya kwa makini kuliko mengine. Raia wa Bujumbura katika miaka ile walipoona sare ikiingia mtaani hawakuuliza je, imekuja kutulinda? Waliuliza imekuja kumlinda nani? Siku raia anapouliza swali hilo, sare imekwisha kupoteza kitu ambacho hakinunuliwi bohari.

NG'AMBO YA NTAHANGWA

Tukivuka mto Ntahangwa tunaingia mitaa ya kaskazini. Ngagara ina nyumba za mpango zilizojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wafanya kazi wa Kiafrika. Mbele zaidi ni Cibitoke, Kamenge na Kinama, ambayo majina yao tumekwisha kuyasikia. Umbali si mdogo. Kama watoto wamechoka, pandeni basi.

Katika sehemu hii, mahali ambapo mitaa iliyochukiana inakutana, pana nyumba ya vijana iitwayo Centre Jeunes Kamenge. Ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waksaveri, ikaanza kazi mwaka 1993, mwaka ule ule wa msiba. Ilikuwa na viwanja vya michezo, maktaba, masomo ya lugha, muziki na ufundi, na sharti lake lilikuwa moja: aingiaye aache ukabila mlangoni. Risasi zilipita juu ya paa lake, na pande zote mitaa iliungua, lakini haikufunga mlango. Vijana wa Kihutu na wa Kitutsi, Wakristo na Waislamu, walicheza mpira katika kiwanja kimoja huku wakubwa wao wakipigana. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood, inayotolewa nchini Sweden.

Na wakubwa nao hatimaye walichoka. Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo ya amani mjini Arusha hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akayapokea, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka Burundi jeshi lake la kwanza la kulinda amani, lenye askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Mwaka huo huo kundi kubwa la wapiganaji waliokuwa msituni lilipatana na serikali.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko vita, nayo yawahusu wasomaji wetu wa kambini. Watu waliokuwa wakiwindana walivishwa sare moja, wakalala bweni moja na kula katika mesi moja. Katiba ya mwaka 2005 iliagiza kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama. Tangu mwisho wa mwaka 2007 vikosi vya jeshi hilo vilikwenda Somalia kulinda amani ya wengine. Hatusemi kwamba matatizo yalikwisha. Mwaka 2015 mji ulitikisika tena kwa maandamano, jaribio la kupindua serikali na mauaji, na mamia ya maelfu ya watu walikimbilia nchi za jirani. Amani ni kama paa la nyasi. Lisipotazamwa kila msimu, huvuja.

Hiki ndicho kipande cha tatu cha jibu. Mtaa ukiwafukuza majirani zake hauwi wa wenyeji zaidi. Huwa mtupu zaidi.

JIONI ZIWANI

Sasa miguu imechoka, tumalizie ufukweni. Kutoka bandari ya Bujumbura mizigo huvuka ziwa kwenda na kutoka Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Sehemu kubwa ya maisha ya mji imepita juu ya maji haya.

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ziwa hugeuka rangi ya shaba, na jamaa wa kila aina hukaa wakitazama. Hata hivyo maji haya si ya kuchezewa. Jioni viboko hutoka majini kula majani, nao huua. Mamba nao wako, hasa upande wa mto Rusizi. Kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lilipanda kupita kiasi, na pamoja na mafuriko ya Rusizi likaingia majumbani na barabarani. Watu wa Gatumba, magharibi ya mji, walihama mara kwa mara na vitanda vyao kichwani. Aliyejenga karibu na maji alijifunza kuwa ziwa nalo ni jirani, na lina mipaka yake.

Kwa chakula cha jioni agiza mukeke. Mama wa Kigoma atatabasamu akimwona, kwa maana ni yule yule mgebuka wake, amevuka mpaka akabadili jina. Hupasuliwa, hutiwa chumvi, ndimu na pilipili, akachomwa juu ya makaa, na kuliwa kwa ndizi za kukaanga au ugali wa muhogo. Ndagala wanaouzwa kwa mafungu sokoni ni dagaa wetu. Wakaange bila ya maji kwanza, ili mchanga utoke na harufu ipungue, kisha uwatie kitunguu, nyanya na mafuta ya mawese.

Hapo mezani mtoto atakumbuka swali lake. Ukusanye vipande tulivyookota njiani, umjibu kwa maneno machache. Mji huu ulianzishwa na mgeni mwenye bunduki, lakini haukusimama kwa bunduki. Umesimama kwa sababu ya fundi wa Buyenzi, mama wa sokoni aliyeanza upya baada ya moto, kijana wa Kamenge aliyempigia pasi mtoto wa adui wa baba yake, na askari aliyekubali kulala kitanda cha pili na mtu aliyekuwa akimwinda. Hao ndio wenyeji.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Miezi ya Juni, Julai na Agosti haina mvua, nayo ndiyo mizuri kwa matembezi. Asubuhi za Jumamosi hutumika kwa kazi za jumuiya, kwa hiyo usipange kusafiri saa hizo.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usipige kabisa picha za kambi, ofisi za serikali wala polisi.

Usimwulize mwenyeji kabila lake, hata kwa nia njema. Ikiwa anataka kusimulia ya miaka ile, atasimulia mwenyewe, wewe sikiliza.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Mugere, kama kilomita 10 kusini ya mji, ulikone jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, lenye tarehe 25 Novemba 1871. Wengine hudhani hapo ndipo walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakaja huku pamoja kwa mtumbwi ili wajue kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakaona kwa macho yao kuwa unaingia, na ndoto ya kuwa ziwa hili ndilo linaloulisha Nili kupitia Rusizi ikaishia hapo. Wavuvi wa huku walikuwa wakilijua jambo hilo siku zote. Mwaka 1858 waliwaambia Burton na Speke hivyo hivyo. Atakaye kujua njia za maji, heri aanze kwa kumwuliza jirani wa maji.